Bango linasema 1975, bibi anasema mahame: kijiji chetu kina umri gani?

"Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma. Serikali ya kijiji imeniomba niandike historia fupi ya kijiji, isomwe kwenye mkutano mkuu kisha ibandikwe ofisini. Bango la ofisi limeandikwa 'Kimeanzishwa 1975'. Bibi yangu, mwenye miaka zaidi ya 80, anasema mwaka huo walikuwa wameshakaa hapa miaka kadhaa, na kwamba kijiji chenyewe hasa kiko mahame, yaani kwenye makazi ya zamani yaliyohamwa, ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kule kuna mibuyu, makaburi na matuta ya udongo anayosema ni matembe, nyumba za udongo za paa bapa, yaliyoanguka. Wazee wengine wanashikilia kuwa tuko hapa tangu enzi za mababu. Mwenyekiti ananiambia niandike 1975, yaishe. Nani yuko sahihi? Nitajuaje umri wa kijiji ambacho hakitajwi katika kitabu chochote? Na ikithibitika tulitoka kule, tunaweza kuidai ardhi ya mahame?"

Mwalimu, unahangaika kwa sababu unatafuta mwongo kati ya watu watatu: mwenyekiti, bibi na wazee. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni mwongo hapo. Kila mmoja anataja kitu chake, na bahati mbaya vyote vitatu tunaviita kijiji.

Tuanze na bango. Kijiji kwa maana ya serikali ni chombo cha kisheria: kina mipaka, kina halmashauri, kina mhuri. Chombo hicho katika Tanzania Bara kilipata umbo lake mwaka 1975, Bunge lilipotunga sheria ya kuandikisha vijiji na vijiji vya ujamaa. Sharti mojawapo lilikuwa idadi ya kaya, zisipungue 250. Waliotimiza masharti wakaandikishwa. Ndiyo maana ukisafiri kutoka Mtwara hadi Mara utakutana na mabango mengi mno yenye 1975 au 1976, utadhani kabla ya hapo nchi ilikuwa pori tupu. Huo ni mwaka wa cheti. Mtoto anaweza kuandikishwa RITA akiwa darasa la nne, na hakuna mama atakayekubali kwamba siku ile ndiyo alimzaa.

Sasa bibi. Anasema mwaka 1975 uliwakuta wameshakaa hapo, na kwa mkoa wa Dodoma hilo linaingia akilini kabisa. Wengi wamezoea kusema kuwa watu walihamishiwa vijijini mwaka 1974. Kwa sehemu kubwa ya nchi ni kweli, kwa Dodoma si lazima. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Rais Nyerere alitoa waraka wa Ujamaa Vijijini mwezi Septemba mwaka huohuo, na wakati huo msimamo ulikuwa hiari: watu washawishiwe, wasilazimishwe. Kisha zikaja operesheni za kuhamishia watu vijijini, eneo moja moja. Rufiji ilitangulia mwaka 1969 baada ya mafuriko. Dodoma ikafuata mwaka 1971, Operesheni Dodoma, katika mkoa uliokuwa umeonja njaa mara nyingi. Chamwino, ambako leo watu wanakujua kwa ajili ya Ikulu, kilikuwa kimojawapo cha vijiji vya operesheni hiyo, na Nyerere mwenyewe alikwenda kukaa huko akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Ilipofika Novemba 1973 hiari ikaisha. Kuishi vijijini kukawa amri, na lengo likawekwa kuwa nchi nzima iwe imehamia ifikapo 1976. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji inayokumbukwa kila mahali.

Kwa hiyo inawezekana familia ya bibi yako ilihamia mwaka 1971 au 1972, na kundi la pili likaletwa 1974 kufikisha zile kaya 250. Chunguza hilo. Vijiji vingi vina watu wa awamu mbili, na ukisikiliza vizuri utakuta vitongoji vya "waliotangulia" havioni mambo sawasawa na vile vya "walioletwa".

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Kuhama kule hakukuwa na sura moja. Wapo waliokwenda kwa kupenda, kwa sababu waliahidiwa shule, zahanati na maji, na mengine walipata kweli. Shule nyingi za vijijini, huenda hata yako, zilijengwa katika wimbi la elimu ya msingi kwa wote lililofuata Azimio la Musoma la 1974. Wapo waliosombwa kwa malori na mgambo, na katika baadhi ya maeneo nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili mtu asipate pa kurudi. Katika mkutano wako mkuu wanaweza kuketi aliyehamishwa na aliyemhamisha, wote wazee, wote wamesameheana au bado. Usiwahoji pamoja. Nenda nyumba kwa nyumba, kaa, kunywa chai, na mtu akikwambia "hayo tuyaache", yaache.

Nije kwa wazee wanaosema "tangu mababu". Hapa ndipo wasomi wa mjini huwacheka wazee bure. Makazi ya Ugogo, nchi ya Wagogo, hayakuwa kitu cha kudumu mahali pamoja, na sababu iko kwenye mvua na udongo. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, tena inanyesha kwa upendeleo: shamba la upande huu wa korongo linalowa, la jirani linakauka. Mkulima wa uwele na mtama mwenye akili hawezi kuweka nyumba zote mahali pamoja. Kaya zilitawanyika, kila moja na tembe lake na ng'ombe wake uani, na mbolea ya zizi ikarutubisha mashamba ya karibu. Udongo ukichoka, au malisho yakiisha, au njaa ikipiga, kaya inasogea. Kusogea ndiko kulikuwa bima yao.

Juu ya hilo kuna mpangilio wa udongo wenyewe. Panda kilima chochote cha maeneo yenu kisha ushuke taratibu ukitazama chini: juu mawe na udongo mwembamba, kwenye mteremko udongo mwekundu au wa kichanga unaolimika kwa jembe la mkono, bondeni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Usambara, katika miaka ya 1930, aliuona mfuatano huu ukijirudia kilima baada ya kilima, akauita katena, yaani mnyororo. Wenyeji walikuwa wanauishi tu. Tembe lilijengwa mteremkoni: juu ya maji ya mbuga, chini ya mawe, si mbali na korongo ambamo kiangazi unachimba mchanga ukapata maji. Nina hakika ukifika mahame utakuta yako mahali pa namna hiyo. Halafu tazama kijiji cha sasa. Vijiji vya operesheni vilipangwa kufuata barabara, kwa sababu lori la dawa na gari la ofisa vinapita barabarani, na barabara haikujengwa kwa kuuliza udongo. Kama nyumba zenu zimejipanga mistari iliyonyooka na mashamba mazuri yako mbali, hiyo ni historia iliyoandikwa ardhini. Ichore kwenye ramani yako, watoto waione.

Basi wazee wanaposema "hapa", mara nyingi hawamaanishi viwanja hivi vya kando ya barabara. Wanamaanisha yisi, ile nchi ya mtemi mwenye mawe ya kuombea mvua, ambayo mipaka yake ni vilima, makorongo na miti inayojulikana. Ndani ya yisi moja kaya ziliweza kuhama mara tano bila mtu kusema amehama kwao. Muulize bibi: mahame na kijiji cha sasa viko katika yisi moja? Kama ndiyo, wazee wako sahihi bila ubishi. Ila nao wasivuke mpaka wakasema walikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Koo nyingi za Wagogo husimulia zenyewe kwamba waasisi wao walitoka kwingine, Uhehe, Ukaguru, Ukimbu na kadhalika. Na zile mahame za bibi huenda nazo si za kwanza. Mtunya, njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920, ukame uliokuta majeshi ya Wajerumani na Waingereza yameshakomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, ilitawanya watu Ugogo nzima. Matembe mengi yalihamwa wakati huo. Wazazi wa bibi yako waliipitia Mtunya au walizaliwa katika kivuli chake. Muulize walikuwa wapi.

Sasa umri, na kwanza ushahidi wa ardhini. Umetaja mibuyu. Mbuyu ni mti wa heshima lakini ni shahidi dhaifu: unaota wenyewe, unaishi karne nyingi, na unene wake haukwambii miaka kwa uhakika. Mwembe ni shahidi bora. Asili yake ni Asia, hapa kwetu mara nyingi ulipo kuna mtu aliyeupanda au aliyekula embe akatupa kokwa. Vivyo hivyo ua la minyaa lililobaki katikati ya pori: hakuna ua linalojipanda kwa mstari. Matuta ya udongo nayo yaangalie kwa makini, kwa sababu mengine yatakuwa vichuguu vya kawaida, na nimeshuhudia watu wazima wakipiga picha ya kumbukumbu juu ya kichuguu. Kichuguu ni cha mviringo. Tembe ni refu, paa lake bapa la udongo likianguka linaacha tuta lililonyooka lenye pembe, na ndani yake ua, ambako mara nyingi nyasi ni nzito zaidi kwa sababu ya mbolea ya miaka mingi. Tafuta pia mawe ya kusagia, vigae vya vyungu, na mavi ya chuma, yaani takataka ya kuyeyushia chuma, kama kulikuwa na wahunzi. Piga picha, andika mahali ulipokuta, acha kila kitu pale pale. Usichimbe hata kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali cha kuchimbua, na kigae kilichotolewa ardhini bila kumbukumbu ni takataka tu.

Ushahidi wa majina ni mtamu zaidi. Kitongoji kinachoitwa Muungano hakikupata jina hilo kabla ya 1964, Azimio si kabla ya 1967, Mwongozo si kabla ya 1971, TANU ilipotoa mwongozo wake. Majina ya Kigogo ya vilima, makorongo na visima ni ya zamani zaidi, kwa sababu watu huhama na majina ya nyumba zao lakini kilima hakihami. Yaorodheshe yote, pamoja na maana. Hadithi za asili ya jina la kijiji zipokee kwa adabu na chumvi kidogo. Dodoma yenyewe husimuliwa kuwa ni Idodomya, pale tembo alipozama. Hadithi nzuri, lakini hadithi za aina hii mara nyingi hutungwa baada ya jina kuwapo.

Katika mahojiano, usimuulize bibi "mlihamia mwaka gani?" Atakupa 1974 kwa sababu ndio mwaka ambao kila mtu anautaja redioni. Muulize: siku mnahama, ulikuwa na mtoto gani mgongoni? Mama hasahau hilo. Kisha tafuta kadi ya ubatizo au ya kliniki ya mtoto huyo, na una mwaka wako. Waulize akina mama kumi namna hiyo, na utaona awamu za kuhama zikijipanga zenyewe. Kwa mambo ya zamani zaidi tumia vigingi vya kumbukumbu: Uhuru wa 1961 na mvua kubwa zilizoufuata, mashamba ya karanga ya Kongwa kati ya 1947 na 1951, ujio wa reli, iliyofika Dodoma mwaka 1910.

Umesema hakuna kitabu. Anza na shule yako mwenyewe: daftari la kumbukumbu za shule na la uandikishaji wa wanafunzi lina tarehe, na mara nyingi lina mahali wazazi walikotoka. Rejesta za ubatizo za parokia ni hazina nyingine. Kisha ramani. Idara ya upimaji na ramani ya wizara ya ardhi ina karatasi za kipimo cha 1:50,000, na pembeni imeandikwa mwaka zilipopigwa picha za anga. Zingatia mwaka huo, si mwaka wa kuchapa. Kama picha zilipigwa kabla ya operesheni, ramani itaonyesha nyumba zilizotawanyika ng'ambo ya korongo na pengine utupu hapo mlipo leo, na hapo hata mwenyekiti hatabisha. Kuna pia ramani za Wajerumani za kipimo cha 1:300,000. Ukizitazama, soma kwa sikio la Kijerumani: Mpwapwa iliandikwa Mpapua, Kilosa Kilossa, na "ch" yetu huwa "tsch". Usishangae kukosa jina la kijiji ukakuta jina la mtu. Makazi mengi yaliitwa kwa jina la mkubwa wa pale, naye akifa jina lilihama. Ukipata nafasi ya kufika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, nenda na barua ya utambulisho uombe Vitabu vya Wilaya, ambavyo maofisa wa Kiingereza walianza kuviandika miaka ya 1920. Vina mengi kuhusu watemi, koo, njaa na mipaka. Soma ukikumbuka nani alikuwa akiandika, na alikuwa akimsikiliza nani: kwa kawaida mtemi aliyemfaa yeye.

Limebaki la ardhi, nalo sitakupamba maneno. Kuthibitisha kwamba babu zenu walikaa mahame hakuwapi haki ya kuichukua leo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ililitazama suala hili moja kwa moja: ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa watu waliohamishiwa vijijini kati ya Januari 1970 na Desemba 1977 umethibitishwa kuwa halali, hata pale ulipofanywa kinyume cha sheria zilizokuwapo. Na kanuni hiyohiyo ndiyo inayowalinda ninyi mahali mlipo sasa, maana hapo penu napo huenda palikuwa mahame ya mtu mwingine. Ukiufungua mlango huo, jiulize nani mwingine ataingia.

Hata hivyo hamko mikono mitupu. Kama mahame yamo ndani ya mipaka ya kijiji chenu, mkutano mkuu unaweza kuamua, katika mpango wa matumizi ya ardhi, kwamba makaburi na eneo la matambiko yatengwe yasilimwe. Kama yamo katika kijiji jirani, ongea na serikali ya kijiji hicho mkubaliane kwa maandishi juu ya njia ya kufikia makaburi. Wengi hawakatai wakiona hamtaki shamba. Pakiwa na mgogoro tayari, mtu amelima juu ya makaburi, mtu ameweka uzio, au kuna mwekezaji, usitumie andiko lako kama silaha. Anzeni na Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi, mkishindwana mtafute wakili au kituo cha msaada wa kisheria awasikilize ana kwa ana akiwa na nyaraka mkononi. Kama kijiji chenu kimemezwa na mipaka ya Jiji la Dodoma, nendeni kwa mwanasheria moja kwa moja, kwani ardhi iliyopangwa kuwa ya mji ina taratibu nyingine. Barua yangu haitoshi kwa hayo.

Kwenye karatasi ya ofisini ningeandika mistari mitatu bila kuogopa: watu wa yisi yenu kuishi ng'ambo ya korongo hadi mwaka utakaoupata kwa akina mama, kuhamia kando ya barabara, kwa awamu zake, na kuandikishwa, ambao ndio mwaka wa bango. Mwenyekiti atabaki na 1975 yake, ila itakuwa mstari wa tatu.

Na mpeleke bibi mahame Septemba au Oktoba, kwa bodaboda hadi korongoni kisha taratibu kwa miguu, asubuhi na mapema. Chukua daftari, maji ya kutosha na mjukuu mmoja wa kuwasaidia. Mkichelewa hadi Desemba, nyasi zitakuwa zimefunika matuta na korongo linaweza kushuka maji mkiwa ng'ambo.